Sare Ikivuliwa, Mkono Ushike Brashi

Hakuna askari aliyeandikishwa ili abaki kazini milele. Tangu siku anapokabidhiwa sare yake ya kwanza, siku ya kuirudisha ghalani imekwisha kuandikwa. Jambo hili twalijua sote, wa jeshi na wa polisi, lakini kila tunapolizungumza, mazungumzo hugeuka upesi kuwa ya fedha: kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani, pensheni itaanza mwezi gani, kiwanja kinunuliwe wapi, afadhali kuku au bodaboda au vyumba vya kupangisha. Hayo ni mambo ya lazima, wala hapana wa kumlaumu mzazi anayeyawaza. Hata hivyo, anayestaafu hukabiliwa na maswali mawili, si moja. La kwanza ni: atakula nini? La pili ni: atafanya nini? Swali la kwanza lina ofisi zake, fomu zake na makarani wake. Swali la pili halina ofisi, na wengi hukutana nalo wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Mahali pazuri pa kulitazama swali hilo ni Naguru, hapa Kampala. Katika kilima hiki ndipo yalipo makao makuu ya Polisi ya Uganda, pamoja na kambi ya askari na jamaa zao. Na kwa upande wa kusini-mashariki chaonekana kilima cha Mbuya, yaliko makao ya Wizara ya Ulinzi. Katika vilima hivi viwili maisha ya watu wengi hupimwa kwa saa, kwa zamu na kwa amri. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka ishirini au thelathini amezoea kuamshwa, kupangwa, kukaguliwa na kupongezwa au kukaripiwa. Kisha asubuhi moja hapana tarumbeta, hapana orodha ya zamu, hapana afande wa kupigiwa saluti wala kuruta wa kupiga saluti. Mwili bado una nguvu, macho yangali makali, lakini hapana anayevihitaji. Ndipo wengine huanza kushinda kilabuni tangu saa nne za asubuhi, na wengine huanza kuamrisha wake na watoto kana kwamba sebule ni uwanja wa gwaride. Si kwamba ni watu wabaya. Ni watu waliopewa pensheni bila kupewa wajibu.

Makala haya yanapendekeza wajibu mmoja ambao wengi wataucheka: uchoraji wa dhahania, yaani uchoraji wa picha zisizoiga sura ya mtu, mnyama, nyumba au mti, bali zinazosema kwa rangi, mistari na maumbo peke yake. Nimeuchagua kwa makusudi. Ukiweza kuonyesha kwamba hata kazi hii, inayodhaniwa kuwa ya watu wenye nafasi na wasio na shida, yamfaa askari, basi umeonyesha kwamba mstaafu ana uwanja mpana kuliko anavyodhani.

Pingamizi la kwanza lajulikana. Ataambiwa mstaafu: “Picha isiyofanana na kitu ni mchezo wa watoto. Vipi mtu mzima, tena mwenye nishani, akae anapaka madoa?” Basi na tuanze na ramani. Kila aliyefundishwa kusoma ramani ameona jinsi kilima kinavyoandikwa: si kwa kuchora miti na nyumba zake, bali kwa mistari ya kontua inayozungukana kama pete. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi imelala. Naguru ya kwenye ramani haifanani hata kidogo na Naguru ya machoni, na bado askari hutembea usiku kucha kwa kutegemea mistari ya namna hiyo. Vivyo hivyo, mstatili wenye mistari miwili iliyokatana ndani yake hauna uso wala bunduki, lakini ofisa aliyefunzwa alama hizo ajua kwamba hapo pana kikosi cha askari wa miguu.

Polisi nao wasijitenge. Askari wa usalama barabarani afikapo penye ajali hachori vioo vilivyopasuka wala uso wa dereva. Huchora barabara kwa mistari, gari kwa mstatili, mwelekeo kwa mshale, na alama za breki kwa vipimo. Mchoro huo huwekwa jaladani na huweza kufika mbele ya hakimu, na hapana anayeuliza mbona gari halina magurudumu. Sote twakubali kwamba mchoro waweza kuwa wa kweli bila kufanana na kitu. Kwa hiyo askari hauingii uchoraji wa dhahania kama mgeni. Ameusoma maisha yake yote, ila hakuambiwa jina lake.

Ushahidi mwingine tumeuvaa mwilini. Sare za mabakamabaka zimetokana na kazi ya wachoraji. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ufaransa liliunda kitengo cha kuficha mizinga na mahandaki, kikiongozwa na mchoraji Lucien-Victor Guirand de Scévola. Alieleza baadaye kwamba ili kukivuruga kitu machoni pa adui alitumia mbinu za wachoraji wa wakati ule waliokuwa wakivunjavunja maumbo, watu wa mkondo wa Picasso na Braque. Alama ya kitengo hicho ilikuwa kinyonga. Mwaka 1917 Mwingereza Norman Wilkinson, mchoraji wa bahari aliyekuwa mwanamaji wa vita, alipendekeza meli zipakwe milia mikubwa iliyokingamana, ili nahodha wa nyambizi ya adui asiweze kukadiria meli inakwenda wapi na kwa mwendo gani. Picha isiyo na sura ilipelekwa vitani kulinda maisha ya watu. Anayesema ni mchezo wa watoto na aitazame shati lake.

Wala jambo hili si geni katika nchi zetu. Bibi zetu walipofuma mikeka na vikapu hawakufuma nyuso za watu. Walifuma pembe, misharazi na miraba, na kila mtu alijua mkeka upi umefumwa na bingwa. Jirani zetu wa Rwanda wana imigongo, michoro ya samadi ya ng'ombe iliyopakwa rangi na kupangwa kwa maumbo ya miraba na miiba, ambayo haiigi kitu na inapendeza mno. Hapa Buganda tuna kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 na kuandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Wachoraji wa Kampala hukitumia leo badala ya kanvasi, nao husema kwamba rangi yake ya udongo ni nusu ya picha tayari.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Askari hustaafu akiwa na mzigo wa mambo aliyoyaona. Mengine amefungwa na kiapo na sheria asiyaseme. Mengine sheria haikatazi, lakini hawezi kuyasema mbele ya mkewe na watoto wake. Mimi ni ofisa wa uhusiano, kazi yangu ni maneno, na kwa sababu hiyo naijua mipaka ya maneno: neno likishatoka hutaja mtu, mahali na tarehe, na haliwezi kurudishwa. Picha yenye sura nayo hutaja. Ukichora uso wa mwenzako aliyeanguka, mama yake atautambua. Lakini picha ya dhahania huweza kubeba uzito wa jambo bila kulifichua. Hapana siri ya kikosi itakayovuja katika mraba mweusi uliobanwa na wekundu. Anayeutazama atahisi kwamba aliyeuchora alisimama mahali pagumu; hatajua ni wapi, wala hana haja ya kujua.

Fikirini Naguru hii hii. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, kikosi kilichoitwa Public Safety Unit kilikuwa na makao yake hapa, na jina la Naguru likawatia raia hofu. Mwaka 2011 nyumba za zamani za mitaa ya Naguru na Nakawa, zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, zilivunjwa, na jamaa walioishi humo miaka mingi wakatawanyika. Mtu aliyeyaona mambo hayo, awe alilinda zamu au alibeba godoro lake kichwani, atayachora vipi? Akichora nyumba, nyumba haipo. Akichora watu, wengine hawapo na wengine hawapendi kuchorwa. Lakini udongo mwekundu wa kilima uliobaki wazi baada ya kuta kuondolewa, kutu ya mabati, ukungu wa asubuhi bondeni, na ukimya wa mahali palipokuwa na kelele, hivyo vyote vina rangi na vina vipimo. Vyaweza kuwekwa juu ya kitambaa.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa askari na mchoraji katika Vita Kuu ya Kwanza, aliugua kifua kikuu na kulazwa mwaka 1938. Akiwa kitandani alichora, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake, na ndiye aliyelipatia jambo hili jina la tiba ya sanaa mwaka 1942. Kazi yake imewasaidia wengi. Lakini brashi haichukui nafasi ya daktari. Askari asiyelala usiku kwa jinamizi, au anayetetemeka asikiapo mlipuko wa tairi, aende hospitali kwanza bila aibu, na picha zifuate.

Sasa, je, inawezekana kweli mtu mzima kuanza? Historia yajibu. Winston Churchill, ambaye alipita Uganda mwaka 1907, alishika brashi mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kupoteza wadhifa wake kwa sababu ya kushindwa huko Dardanelles. Mwaka uliofuata alikuwa kamanda wa batalioni katika mahandaki ya Ubelgiji, na huko nako alichora. Jenerali Dwight Eisenhower wa Marekani alianza karibu na umri wa miaka 58, baada ya Vita Kuu ya Pili. Hao wawili hawakuchora dhahania, walichora mandhari na sura za watu. Lakini wanatuonyesha kwamba mkono ulioshika amri za vita haukuona haya kushika brashi.

Katika dhahania yenyewe yuko Alma Thomas, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1891. Alifundisha shule moja mjini Washington kwa miaka 35 akastaafu mwaka 1960. Akiwa nyumbani, huku mikono ikimuuma kwa baridi yabisi, alitazama mwanga ukipenya majani ya mti nje ya dirisha lake, akauchora kwa vipande vya rangi vilivyopangwa kama mawe ya sakafu. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, picha zake zilionyeshwa peke yake katika jumba la Whitney mjini New York, heshima ambayo hakuna mwanamke Mweusi aliyeipata kabla yake. Huko Australia, Emily Kame Kngwarreye, mwenyeji wa asili wa mahali paitwapo Utopia, alianza kuchora juu ya kanvasi karibu na mwaka 1988 akikaribia umri wa miaka 80, na kabla ya kufariki mwaka 1996 alikuwa ameacha picha zinazokadiriwa kufika 3,000.

Na karibu zaidi na kwetu yuko Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1928. Alisoma sanaa hapa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza katika shule ile iliyoasisiwa na Margaret Trowell. Kisha akarudi Kenya akafundisha shule na kulea watoto, na sanaa ikalala kwa muda wa miongo. Aliirudia alipostaafu, katika miaka ya 1980. Rangi zilikuwa ghali, kwa hiyo alikata vipande vidogo vya karatasi za kufungia sabuni na unga, akavigandisha mpaka vikawa picha. Zake zilikuwa na watu na wanyama, si dhahania tupu; lakini mwenye kuzisogelea huona vipande vya rangi tu. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa huko Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021.

Hapa lazima tuseme kweli ambayo wapenda hadithi za kutia moyo huiruka. Hakuna hata mmoja kati ya wanawake hawa watatu aliyeanza mikono mitupu siku ya kustaafu. Thomas alikuwa na shahada ya sanaa tangu mwaka 1924 na alichora nyakati za likizo. Kngwarreye alikuwa amepaka michoro ya mila miili ya wanawake wenzake maisha yake yote, na tangu miaka ya 1970 alitia rangi vitambaa vya batiki. Karuga alikuwa na Makerere. Kilichochelewa ni nafasi, mafunzo hayakuchelewa. Hivyo ushauri wangu kwa askari si kwamba angoje astaafu ndipo achore. Ni kinyume chake: aanze sasa, angali na sare, ili siku ya kustaafu imkute kuruta aliyekwisha kumaliza depo.

Maana kazi hii ina depo yake. Asiyejua huona picha ya dhahania akadhani imetupwa tu. Kwa kweli, kwa kuwa haina sura ya kuifichia udhaifu, kila kosa huonekana. Mwanafunzi aanze na rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na moja aipendayo, na achore kadi ndogo thelathini kabla ya kugusa kitambaa kikubwa. Ajifunze kwamba wekundu na manjano huja mbele, buluu hurudi nyuma. Kwamba doa dogo jeusi laweza kushinda eneo kubwa la kijivu. Kwamba mistari iliyolala hutuliza na iliyoinama husukuma. Atazame kitu cha kweli, mathalani mapaa ya mabati ya kambi yake saa kumi na mbili za asubuhi, akichore kama kilivyo, kisha akichore tena akiondoa kila kisicho lazima, mpaka kibaki kile alichokiona yeye tu. Nidhamu anayo tayari. Anachokosa ni kuzoea kujiamrisha mwenyewe, na hilo ndilo somo kubwa la kustaafu.

Asidanganywe pia kuhusu fedha. Mchoraji Carmen Herrera, mzaliwa wa Cuba, alichora dhahania kwa miongo mingi na akauza picha ya kwanza mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 89. Anayestaafu kwa nia ya kulipa karo za watoto kwa picha atalia. Pensheni na shamba vilishe nyumba. Picha ikiuzwa, ni heri. Lakini milango ipo. Nakasero kuna Nommo, jumba la maonyesho la taifa lililofunguliwa mwaka 1964. Makerere kuna shule na jumba lake la sanaa. Wala kukosa elimu ya juu si kizuizi: Jak Katarikawe, mwana wa Kigezi, alikuwa dereva hapa Kampala, Sam Ntiro, mchoraji wa Tanzania aliyefundisha Makerere, alimtia moyo, na alipofariki mwaka 2018 jina lake lilikuwa limevuka bahari.

Yafaa basi wakuu wetu walitazame jambo hili. Haliombi bajeti kubwa. Laomba chumba kimoja katika kila kambi kubwa, chenye mwanga mzuri na ukuta wa kutundikia; alasiri moja kwa juma; mabaki ya turubai na rangi za ghala ambazo zingetupwa; na mwalimu wa sanaa aalikwe mara moja kwa mwezi. Katika chumba hicho cheo kiachwe mlangoni, kwa kuwa koplo aliyechora kadi mia moja ndiye mwalimu wa meja aliyechora tatu. Wastaafu wa jirani waruhusiwe kuingia, ili walio kazini wawaone wazee wao wakiwa na kazi, na wazee wapate mahali pa kwenda asubuhi.

Na wewe ndugu askari, ukiwa zamu Naguru, Mbuya, Bombo au mpakani, usingoje chumba hicho. Penseli haihitaji idhini ya mkuu wako, na karatasi ya kufungia sabuni ilimtosha Karuga. Siku yaja utakaporudisha sare, kofia na buti, karani atie alama mbele ya kila kimoja. Mkono na jicho havimo katika orodha yake. Vifundishe kazi mapema.